Kipande cha Manjano

"Kilo arobaini na mbili," bibi shamba alisoma mizani.

Mama Mkubwa, mwenye shamba, alitundika gunia la pili.

"Arobaini na moja."

Bibi shamba alikuwa mtaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo. Msimu ulipoanza, walipima vipande viwili sawa vya mahindi kando ya barabara. Kimoja kilitiwa samadi. Kingine hakikutiwa kitu, ili tofauti ionekane.

"Tofauti haipo," alisema bibi shamba taratibu. "Basi nitaandika kwamba udongo wa huku hauhitaji samadi. Wakulima wataambiwa wasijisumbue."

Mama Mkubwa alishtuka. Majirani wote wangepotoshwa kwa sababu yake!

"Mwanangu, usiandike. Hata hicho kingine nilikitia samadi."

"Kwa nini, mama?"

"Mahindi yakiwa machanga yaligeuka manjano, tena barabarani! Kila apitaye alinicheka. Mimi kulima najua. Niliona haya."

Bibi shamba alifunga daftari. Hakukasirika.

"Ahsante kwa kusema kweli. Kipande dhaifu si aibu yako, mama. Ndicho kinachotuonyesha kazi ya samadi. Bila hicho tutalinganisha na nini? Turudie msimu ujao."

Wakarudia. Safari hii kipande kimoja kilikuwa kijani, kingine manjano. Shemeji yake Mama Mkubwa, jirani wa ng'ambo ya barabara, hakukosa la kusema.

"Shemeji, mahindi yako yana homa?"

"Cheka tu, shemeji. Hayo manjano yapo kazini."

Mikono ilimwasha Mama Mkubwa, lakini hakutia hata kiganja kimoja cha samadi.

Siku ya mavuno majirani walijaa. Kipande cha samadi kilitoa kilo arobaini na nne. Kingine, kumi na tisa. Hakuna aliyecheka. Mama Mkubwa mwenyewe ndiye aliyewaeleza, kifua mbele: samadi iliyooza vizuri, viganja viwili kila shimo, kabla ya kupanda. Bibi shamba alikaa kando akisikiliza tu.

Kila mmoja akataka kujaribu kwake msimu ujao. Wakachukua kamba na vigingi. Jua lilipozama, mashamba matatu yalikuwa yamepimwa, sita bado.

"Kesho tunaanzia kwako, shemeji," alisema Mama Mkubwa akikunja kamba.

"Karibuni. Ila kile kisicho na samadi tukiweke nyuma ya nyumba, watu wasikione."

"Thubutu! Kitakaa barabarani, kama changu."