Anayeitika Nyuma

Jioni ile Spoki alikuwa anafunga karakana yake. Alikuwa fundi baiskeli, mrefu, mwembamba, na hilo jina alibandikwa na rafiki yake kwa sababu ya miguu kama spoki za gurudumu. Alikwisha tundika tairi misumarini, akaondoa grisi mikononi kwa mafuta ya taa, na sasa alikuwa anatafuta kufuli. Mke wa rafiki huyo, Unga, akasimama mlangoni. Hakuingia. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni, maana alitoka kwenye cherehani akaja moja kwa moja.

"Karibu, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Nikimlisha anakula. Nikimlaza analala. Shemeji, wewe uliondoka na mtu. Ukaniletea nguo zake."

Neno hilo lilimwingia Spoki mpaka mfupani, kwa sababu lilikuwa kweli tupu.

Sasa ngoja nieleze, msije mkadhani Unga aliugua homa kama watu. Unga alikuwa mwoka mikate, mnene, mcheshi, mtu ambaye hata siku ya harusi yake alikuwa na unga masikioni. Yeye na Spoki walikuwa pete na kidole. Mikate ikiisha kuuzwa, karakana ikifungwa, walikuwa wakisukuma baiskeli zao kupanda kilima chenye msitu, kisha wakishuka kwa vijia vyembamba vinavyopita katikati ya miti. Wake za watu walisema wana wazimu. Wenyewe walisema ndiyo, na wanaupenda.

Kushuka, Spoki ndiye aliyekuwa akitangulia, na alikuwa na sheria yake. Wa mbele akiona kitu anakitaja: mzizi, jiwe, shimo. Wa nyuma anarudia neno lile lile, basi. Hivyo wa mbele anajua mwenzake amesikia na bado yuko mzima. Kwenye njia kama ile hugeuki. Ukigeuza shingo, mti unakusalimia.

Lakini Unga alikuwa hawezi kurudia neno akaliacha hivi hivi. Ukimwambia mzizi, anajibu, "Mzizi, mnene kama shingo ya mwenye nyumba wangu." Ukimwambia jiwe, anajibu, "Jiwe, linafanana na keki ya shemeji yako." Siku ya mwisho Spoki alicheka nusura agonge mwamba. Basi wakapanda mara ya pili, na kule juu akamkaripia.

"Sasa hivi rudia neno tu. Mzaha mzaha hutumbua usaha."

Unga akapiga saluti. "Ndiyo, afande."

Wakashuka. Mzizi. Mzizi. Jiwe. Jiwe. Neno kwa neno, safi kabisa, mpaka chini. Spoki alifurahi mno. Akasema moyoni, leo mtu mzima amesikia. Akafunga breki, akageuka ampongeze.

Hapakuwa na mtu.

Alimkuta juu kabisa, kwenye kona ya kwanza, pale penye tangi la maji lililoachwa zamani. Amekaa kando ya njia. Baiskeli imelazwa vizuri kwenye majani. Hana mkwaruzo. Macho wazi, mdomo umefungwa, na tangu siku ile mdomo huo ulifunguka kwa kijiko tu. Hospitali walimpima kichwa, wakampima damu, wakasema hawaoni kitu.

Lakini Spoki alijua jambo ambalo hakumwambia daktari. Alimwambia shemeji yake peke yake. Kama Unga alibaki kona ya kwanza, kona zote zilizofuata, aliyekuwa akiitika ni nani?

"Mama yangu alikuwa akisema, kilichopotea njiani hutafutwa njiani," mke wa Unga alisema sasa, pale mlangoni. "Nenda saa ile ile. Ita kama mlivyokuwa mkiitana. Akiitika, mlete mpaka nyumbani."

"Na akiitika mwingine?"

Mwanamke akaikunja futi, akaikunjua. "Mimi sina mwingine, shemeji. Nina huyo huyo."

Spoki akachukua kofia yake ngumu.

Alipofika msituni jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti, mwanga umebaki vipande vipande. Alisukuma baiskeli taratibu. Ndege walikuwa wakigombania matawi ya kulala... kisha wakanyamaza wote, kama redio iliyozimwa. Udongo ulinuka majani yaliyooza. Alipofika kwenye tangi, aliweka mkono kwenye zege lake. Lilikuwa na ubaridi wa maji, ingawa halikuwa na maji.

"Unga," alinong'ona. "Twende nyumbani. Mkeo hali vizuri, halali. Nilikukaripia bure, ndugu yangu. Njoo ufanye mizaha yako yote."

Kimya.

Akapanda baiskeli, akaachia breki.

"Mzizi," aliita.

Kimya. Friwili tu, ile gia ya gurudumu la nyuma inayolia usipokanyaga pedali, ikilia tikitikitiki.

"Jiwe."

Kimya.

Kisha upepo ukashuka kutoka juu, na ndani ya upepo ule mlikuwa na harufu. Mkate. Mkate wa moto, unaotoka tanuruni sasa hivi. Msituni, jioni, ambako hakuna hata moshi wa kuni. Spoki machozi yakamjaa, njia ikaanza kucheza mbele yake.

"Shimo," aliita.

"Shimo."

Nyuma yake. Karibu. Ile sauti yenyewe, nzito, yenye mkwaruzo wa vumbi la unga.

Furaha ilimpanda mpaka akacheka peke yake. "Rafiki yangu, ni wewe?"

"Rafiki yangu, ni wewe?"

Kicheko kikamfia mdomoni.

Hapo ndipo aliposikia sauti ya pili. Ilitoka mbali, kule kule kwenye tangi, hafifu, kama mtu anayesema akiwa ndani ya kisima.

"Shimo... kubwa kama tumbo langu."

Spoki akakamata breki zote mbili.

Alisimama, mguu mmoja chini. Akasikiliza kama fundi anavyosikiliza gurudumu. Mtu anayeshuka na baiskeli, friwili yake lazima ilie. Nyuma yake hapakuwa na friwili. Hapakuwa na tairi wala mnyororo. Kulikuwa na pumzi tu, na pumzi ile haikunuka mkate. Haikunuka chochote.

Tairi lake la nyuma likazama polepole kwenye udongo. Kama mtu amekaa.

"Unga," aliita kuelekea kule juu. "Nakuja."

"Nakuja," ikasema sikioni mwake.

Alijaribu kuigeuza baiskeli ielekee mlimani. Haikugeuka. Alisukuma kwa nguvu zote za mikono ile iliyozoea spana, na haikusogea hata kidole. Giza lilikuwa linaingia katikati ya miti. Na kule juu sauti ya rafiki yake ikaja tena, na safari hii haikuwa na mzaha.

"Spoki. Usiniache."

"Spoki. Usiniache," ikarudia iliyokuwa mgongoni.

Jamani, tusimlaumu. Ushujaa ni rahisi ukiwa umekaa kitini na chai mkononi. Angeweza kuitupa baiskeli akapanda kwa miguu. Alilifikiria hilo, na miguu ikakataa. Woga ulimshika pale ulipomshika, na mikono yake yenyewe, bila kumwomba ruhusa, ikaachia breki.

Alishuka bila kutaja mzizi wala jiwe. Alishuka akilia kwa sauti. Matawi yalimchapa usoni, naye hakuita, kwa hiyo hakuna aliyeitika. Uzito tu kwenye tairi la nyuma. Alitoka msituni nao. Alipita maduka nao, watu wakifunga vibao vya madirisha, hakuna aliyemtazama mara mbili. Alipofika kwa Unga, hatua chache kabla ya mlango, baiskeli ikawa nyepesi ghafla, akayumba nusura aanguke.

Mke wa Unga alikuwa amesimama kizingitini na taa.

"Umemleta?"

Na kutoka ndani, kitandani, sauti nzito yenye mkwaruzo ikasema:

"Umemleta?"

Taa ilimponyoka mkononi, ikazimika. Alikimbia ndani. Spoki alimsikia akilia na kucheka pamoja, akisema asante, asante, na sauti ya mumewe ikisema asante, asante. Akaingia taratibu. Unga alikuwa amekaa wima kitandani, mashavu yana rangi, macho yanamtazama mkewe.

"Unanijua?" mwanamke alimwuliza. "Mimi ni nani?"

"Unanijua? Mimi ni nani?"

Mikono yake iliyokuwa ikimpapasa mumewe usoni ikasimama. Chumba kizima kikasimama.

"Shemeji," Spoki alinong'ona. "Huyu siye. Yeye bado yuko juu. Nimemsikia. Aliniomba nisimwache, na mimi..."

"Usiniambie." Hakugeuka. Sauti yake ilikuwa tulivu, na Spoki akaelewa kwamba ameshajua. "Mwezi mzima nimezungumza na ukuta. Nimemwogesha, nimemlisha, nimemwambia habari za wateja, ananitazama kama dirisha. Usiniambie kitu leo."

"Nitapanda tena. Kesho nitapanda."

"Utapanda, ndiyo. Sasa funga mlango, shemeji. Baridi inaingia."

"Baridi inaingia," akasema aliyekuwa kitandani.

Spoki alitoka. Lakini hakuondoka. Alikaa kizingitini, paji la uso kwenye ubao wa mlango, na kwenye ufa aliwaona wote wawili.

Mwanamke alipanda kitandani na viatu vyake. Akajilaza kifuani kwa mumewe, mahali alipokuwa akilala siku zote. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa asije akakosea:

"Nimerudi, mke wangu."

Akasubiri.

"Nimerudi, mke wangu," ikasema sauti ya Unga.

Akafumba macho. Machozi yalimtoka, yakaingia kwenye shati la mumewe.

"Karibu," alisema, na upesi, kabla hajarudishiwa neno lake, akamziba mdomo kwa kiganja.