Nyumba ya Thelathini na Moja

Watoto walikuwa thelathini, na nyumba zikawa thelathini na moja. Mkutubi alizihesabu tena akidhani macho yanamcheza shere, kisha akazihesabu kwa kuzigusa moja moja pale kwenye rafu ya chini zilipowekwa zikauke gundi. Thelathini na moja.

Wiki ile mada ya maktaba ilikuwa nyumba. Watoto wa darasa la pili walileta makasha ya viatu, wakayabandika karatasi za manila, wakapaka rangi makasha, vidole na sare zao, na kila kasha likakatwa mlango wa kufungua na kufunga. Nyuma ya mlango mtoto aliandika sentensi moja kuhusu wanaokaa humo. Kisha ukaja mchezo wa kusoma, ambao mkutubi aliubuni mwenyewe na kujivunia sana. Unachagua nyumba ya mwenzio, unagonga kwa kidole, unasema "Hodi." Akisema "Karibu," unafungua na kusoma. Asipoitikia, hufungui.

"Mwenye nyumba peke yake ndiye anayekaribisha," aliwakumbusha. "Jirani mwenye kiherehere anyamaze!"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa binti yake mwenyewe, ambaye shule nzima ilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mkutubi alimpata baada ya miaka tisa ya kungoja, na hakuwa na mwingine.

"Hii ya nani?" mkutubi akauliza, ameinua ile ya ziada. Ilikuwa ya kijivu, mlango wake umegandishwa, na ilinuka udongo mbichi.

Watoto wakatazamana.

"Ya yule anayekaa nyuma ya rafu," akasema Chiriku.

"Yupi tena huyo?"

"Yule asiyevaa viatu, mama. Hata sare hana."

"Na wewe kwa kutunga! Mwambie kesho aje na viatu."

Mtu mwingine angeitupa. Lakini mkutubi hakuwahi kutupa kazi ya mtoto, hata farasi wa miguu sita alimtundika ukutani, basi na nyumba ile akairudisha rafuni pamoja na nyingine.

Kesho yake mchana, watoto wakiwa madarasani, alikuwa juu ya ngazi akipanga vitabu, mzigo umemfika kidevuni, amekipa chumba mgongo. Nyuma yake sauti ya kitoto ikasema, "Hodi."

"Karibu," akaitikia.

Mazoea yana taabu. Nani hupigiwa hodi akanyamaza? Alipogeuka, hapakuwa na mtu, na mlango wa maktaba ulikuwa umefungwa. Kilichokuwa wazi ni kile kimlango cha nyumba ya kijivu, kikichezacheza bila upepo, na harufu ya udongo ilikuwa imejaa chumba kizima. Akashuka, vitabu vikamwagika. Nyuma ya kimlango paliandikwa, kwa mwandiko wa mtoto anayejifunza, "Humu mna nafasi ya mtoto mmoja."

Aliifungia nyumba ile kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Hakumwambia mtu. Angesema nini, na kwa nani, bila kuchekwa?

Jumatano darasa la pili likarudi kusoma. Alikuwa bado anawahesabu mlangoni alipomwona Chiriku amepiga magoti mbele ya rafu ya chini, na mbele yake ile nyumba ya kijivu, ilhali ufunguo wa kabati ulikuwa bado unamchoma pajani mfukoni mwake, na kabla hajapata pumzi ya kupaza sauti kidole cha mtoto kilikuwa kimeshagonga, "Hodi," na kutoka ndani ya kasha la viatu, wala si kwa mbali wala kwa kunong'ona, sauti ikajibu "Karibu" kwa upole wa mwenyeji aliyengoja siku nyingi, na Chiriku, aliyefundishwa na mama yake kwamba akikaribishwa afungue, akafungua, akasogeza jicho pale mlangoni, akatulia.

"Chiriku! Acha!"

Kimlango kikajifunga. Mtoto akainuka, akamtazama mama yake kana kwamba anamsoma.

Siku hiyo alirudi nyumbani bila viatu. Hakusema neno njiani. Mkutubi alimwogesha mara tatu, na bado nywele zilinuka udongo. Mtoto alipomwita mama, neno lilitoka kwa kuchelewa, herufi baada ya herufi. Mkutubi alilia jikoni akiwa ameziba mdomo kwa kanga, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na alijua aliyekaa sebuleni si mwanawe.

Jumamosi, shule ikiwa tupu, alimleta mganga maktabani. Mzee alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani, akafukiza ubani, akasoma dua mpaka kanzu ikalowa jasho. Yule aliyevaa sare ya Chiriku alikaa mezani akikata karatasi kwa mkasi. Kisha ndani ya nyumba ya kijivu pakagongwa, taratibu.

"Hodi. Mama, hodi. Humu giza."

Mkutubi akairukia. "Karibu! Karibu, mwanangu! Karibu!" Mlango haukutikisika. Akachukua mkasi mwingine, akaanza kukata pembeni ya mlango, na ndani kukatoka ukelele wa mtoto anayekatwa. Mkasi ukamwanguka.

Mganga alifunika chetezo.

"Siku ile sauti ilipobisha hodi," akauliza kwa sauti ya chini, "uliitikia?"

"Niliitikia, mzee."

"Chumba hiki ni chako?"

"Changu."

"Na mtoto alipobisha kule, alikaribishwa na nani?"

Mkutubi akaitazama ile nyumba ya kijivu.

"Mimi natoa wavamizi, mama," akasema mzee akikusanya vitu vyake. "Hapa hakuna aliyevamia. Kila mmoja kaingia kwa adabu zako, na mlango wa kasha hilo una mwenyewe. Usiichome nyumba hiyo. Nisamehe."

Akaondoka bila kuaga.

Mkutubi akaipakata nyumba ya kijivu, akapiga magoti mbele ya meza.

"Mwambie karibu," akaomba. "Neno moja tu. Nakupigia magoti. Mchukue mwingine, nichukue mimi. Mwambie karibu."

Yule akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alitabasamu, tabasamu la Chiriku lenye pengo la jino la mbele.

"Mwenye nyumba peke yake ndiye anayekaribisha," akasema.

"Hodi," ikalia sauti mapajani mwa mkutubi, sasa kwa uchovu. "Mama, mbona hamniitikii? Hodi."

Mwenye nyumba akageuza karatasi, akaendelea kukata mlango mwingine.