Gari Lililopashwa Moto kwa Ajili ya Wageni

Ndugu zangu, asubuhi ile ilianza vizuri kabisa. Ndani ya hema la Dulam chai ya maziwa na chumvi ilikuwa inatokota, samadi kavu inawaka taratibu jikoni, na binti yake Anu, mwenye miaka mitano, alikuwa kitandani akimvalisha mwanakondoo kofia yake mwenyewe. Gantumur, baba mtu, alipiga mluzi huku akifunga mkanda wa joho lake. Siku hiyo walikuwa wanakwenda mjini kununua gari.

Hawakulitaka kwa fahari. Kifua cha Anu kilikuwa kibovu tangu azaliwe, na daktari alishawaambia: "Mkiona midomo yake imekuwa ya buluu, msisubiri. Mleteni saa hiyo hiyo." Kutoka kambi yao ya baridi hadi kituo cha afya ni vilima vitatu na uwanda mrefu. Farasi hawezi kufika kwa wakati. Kwa hiyo Gantumur aliuza farasi, wote isipokuwa mmoja.

Mtoto alibaki na bibi yake. Wao walipewa lifti na jirani, Bibi Tsermaa, mjane anayeendesha mwenyewe gari kuukuu la Kirusi.

"Bibi, gari lako linalia kama ngamia aliyenyimwa chumvi," Gantumur alimtania.

"Linalia, lakini utafika," bibi akajibu, akakanyaga mafuta.

Muuzaji aliitwa Purevdorj. Alikuwa mtu wa bonde moja na mama yake Gantumur, na hapo ndipo mtego ulipoanza. Alitoka uani mikono miwili mbele, akampa Gantumur kichupa chake cha ugoro, wakabadilishana kama ilivyo heshima. Mkewe akaleta chai na buuz, vitumbua vya mvuke vilivyojazwa nyama ya kondoo. Nje, gari jeupe la Kijapani, usukani kulia, lilikuwa linanguruma kwa upole, boneti imefunikwa blanketi la sufu.

"Nimewapashia moto," Purevdorj alisema. "Baridi hii, niwaache wageni wangu wakalie barafu?"

Nani kati yetu asingeshukuru? Kwetu mwenye kukupashia kiti ni mtu. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba mtu alichukua wema wetu akaufanya kifuniko cha uovu wake.

Dulam hakuwa mwepesi wa kusema. Aliacha bakuli lake akatoka. Ua mzima ulikuwa na theluji ya kufika kwenye kifundo, lakini chini ya lile gari ardhi ilikuwa nyeusi, tupu, imelowa. Ukutani kuliegemezwa bomba la kupuliza moto, bado lanuka mafuta. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Kaka, hili limewashwa tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, dada."

"Theluji ya chini yake imeyeyuka yote sasa hivi?"

Purevdorj akacheka. "Gantumur, mdogo wangu, mkeo amekuja kununua gari au kumchumbia mwanangu? Mbona ananihoji mpaka ukoo!"

"Lizimwe," Dulam akasema polepole. "Tulale kwa dada yangu hapa mjini. Kesho asubuhi tuje tuliwashe wenyewe, likiwa limepoa."

Gantumur akawa mwekundu masikio. Akamvuta pembeni. "Umekunywa chai ya mtu, sasa unamwita mwongo?"

"Sijamwita mwongo. Nimesema lipoe."

"Mtu wa bonde la mama yangu, Dulam! Nitaiweka wapi sura yangu?"

Ndugu zangu, sura ilipata pa kuwekwa. Fedha za farasi zikatolewa. Wakafunga kitambaa cha buluu kwenye kioo cha ndani, wakanyunyiza maziwa ya baraka kwenye magurudumu yote manne, wakaenda nyumbani kwa furaha. Na njia nzima lile gari lilikimbia vizuri, kwa kuwa lilikuwa bado na joto la Purevdorj.

Kesho yake halikuwaka. Gantumur alilala chini ya injini akapuliza moto karibu saa nzima, ndipo likakohoa na kutoa moshi mweupe wenye harufu tamu.

"Baridi tu," alisema.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Dulam alipokuwa anakamua alimwona mumewe amempa mgongo, anaongeza maji kwenye rejeta haraka haraka kama mtu anayeiba.

"Linakunywa?" aliuliza siku moja.

"Magari yote hunywa."

"La Bibi Tsermaa halinywi."

Gantumur akafunga kifuniko cha rejeta. Mwanamume aliyekataa kusikia mbele ya chai hawezi kukiri mbele ya rejeta. Angeweza kulirudisha wiki ile ile na kupiga kelele uani kwa yule jamaa mpaka mji mzima usikie. Aliona aibu, na aibu yake akamwachia mtoto ailipe.

Siku ya kumi na tisa, kulipopambazuka, Anu hakuomba chai. Alikaa wima, mabega yanapanda na kushuka, na midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Washa gari," Dulam alisema.

Stata ililia mara moja ikanyamaza. Gantumur akapuliza moto, akaomba, akatukana, akapuliza tena. Dulam alisimama mlangoni na mtoto ndani ya joho lake, kifua kwa kifua, anasikiliza ile pumzi inayopiga filimbi. Kwa muda ule waliopoteza hapo wangekuwa wameshavuka kilima cha pili.

Mwishowe liliwaka, wakaondoka. Kilima cha kwanza wakavuka. Katikati ya cha pili mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, kitu kikapasuka kwa mbele, mvuke ukafunika kioo. Likafa. Simu haikuwa na mtandao. Upepo ulikuwa unakata.

"Spea tairi," Dulam akasema. "Ichome. Moshi wake utaonekana mbali."

Gantumur akafungua buti. Spea hakuna. Hata hapo Purevdorj alikuwa amewaibia.

"Basi ng'oa moja ya chini."

Spana iliteleza kwenye glavu, akazivua. Alifungua nati kwa mikono mitupu, akalimwagia petroli lile lile gurudumu walilolinyunyizia maziwa, akaliwasha. Moshi mweusi ukapanda wima juu ya kilima. Ndani ya gari Dulam alikuwa akimwambia mwanawe, "Vuta, mama. Toa. Vuta tena," na hakuthubutu kutazama ile midomo.

Kabla ya kuliona walilisikia. Kelele zile za ngamia, zikipanda kilima. Bibi Tsermaa alikuwa ameuona moshi kutoka kambini kwake. Alifungua mlango.

"Ngamia amefika," akasema. "Ingieni."

Anu alipona. Alilazwa siku kumi na moja, na daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangeleta maiti. Gantumur alikatwa vidole viwili vilivyokufa kwa baridi, vya mkono wa kulia, mkono ule ule aliopokelea ugoro.

Fundi alipolifungua gari aliwaonyesha oili: ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. "Silinda hedi, hiki kichwa cha injini, imepasuka zamani, maji yanaingia kwenye oili. Wameiziba kwa gundi. Likiwa na joto linakwenda, likipoa linajulikana. Aliyewauzia alijua, dada. Gundi haijimwagi yenyewe."

Siku Anu aliporuhusiwa, Dulam alimwacha kwa dada yake akaenda kwa Purevdorj peke yake. Uani gari jingine linanguruma, limefunikwa blanketi. Ndani, mume na mke vijana wanakunywa chai, mke ana mimba kubwa.

"Fedha sirudishi," Purevdorj akawahi. "Mlilijaribu wenyewe, likawaka. Toka, wewe si mteja."

"Nimeshalipa," Dulam alisema. Hakupandisha sauti. Akamgeukia yule mwenye mimba. "Mdogo wangu, weka bakuli chini, njoo ushike ardhi ya chini ya gari hili. Halafu mlizime, mkalale, mje kesho kabla huyu hajaamka."

Yule binti alimtazama mumewe. Mume alitazama chai. Kisha binti akatoka, akainama kwa shida na tumbo lake, akashika ardhi. Ilikuwa ya moto.

Akafungua mlango wa gari, akazima, na funguo akaziweka mfukoni mwake.

MAFUNZO

Gari la zamani likaguliwe likiwa baridi, nawe ndiye uliwashe kwanza. Ukilikuta limeshapashwa moto, lizime, rudi kesho. Muuzaji asiyekubali ameshakujibu. Fungua kifuniko cha oili, fungua rejeta, angalia moshi, angalia buti. Chai ya mtu inywe na umshukuru, lakini isikununulie gari. Nawe mume, mkeo akisema subiri, heri umwaibishe mwenyeji wako kuliko kumhatarisha mwanao. Na wewe unayewapashia wageni gari bovu, jua kwamba theluji ya chini yake inakusema.