Boksi la Gari la Bi Khairiya

Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, gari la Bi Khairiya lilikataa kuwaka mbele ya watu wasiopungua ishirini.

Lilikuwa limesimama katikati ya gereji ya Mzee Ghanim, Mjambere, limeoshwa likang'aa. Mwenyewe alikaa kwenye usukani na buibui lake la sherehe, udi ukimnukia hadi barabarani, kwani alasiri hiyo alikuwa apeleke jamaa za bibi harusi Likoni. Alizungusha ufunguo mara tatu. Injini ilikoroma, ikakataa kushika.

"Kafedha!" aliita. "Hebu njoo mwanangu unieleze. Jana wanambia umenitilia boksi jipya!"

"Nimetia, Bi Khairiya. Ulikuwapo ukiona."

Kafedha ndiye aliyekuwa fundi wa umeme wa magari hapo, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Boksi walilokuwa wakilitaja ni kompyuta ya injini, kile kisanduku cha bati kinachoamua injini ipate mafuta kiasi gani na cheche wakati gani. La gari hili lilikuwa limeingia maji, likawa likizima injini njiani kila lipatapo joto. Jana jioni Kafedha alilitoa, akatia zima, akalifunza kuutambua ufunguo, akaisahihisha hata saa ya dashibodi. Gari liliunguruma vizuri, Bi Khairiya akapiga kigelegele, akaliacha hapo na ufunguo wake lioshwe na lilale.

Leo hakikuwapo cha kumpigia kigelegele mtu.

"Hata saa imeniharibikia!" Bi Khairiya alilalama. "Tazama, 2:20! Hiyo si saa nane na dakika ishirini? Na mimi hata chai ya saa nne sijanywa!"

Kafedha aliitazama saa ya gari, kisha simu yake. Simu ilisema 9:00. Alichomoa kalamu mfukoni, akaandika nyakati zote mbili kwenye kiganja, kisha akafungua kifuniko chini ya dashibodi. Alilimulika boksi kwa simu bila kulichomoa. Pini zake zilikuwa na ukungu wa kijani. Lilikuwa lile lile bovu la zamani.

Alikwenda mbio kwenye droo yake. Gereji ile ilikuwa na desturi ya kumrudishia mteja kifaa chake kikuukuu, ili aone kwa macho yake kwamba kweli kimebadilishwa, na jana alikuwa amelifunga boksi bovu kwenye gazeti tayari kwa kukabidhi. Gazeti lilikuwapo. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mbao.

"Aa!" Bi Khairiya alisema, na sauti yake ilikuwa haihitaji kipaza sauti. "Kumbe hukulitia jipya! Wanionesha gari likiwaka, na hata kwa bovu lilikuwa likiwaka siku likipenda! Mwizi we! Mwizi, wallahi!"

Neno hilo lilivuka lango. Wapita njia walisimama, na wanawake wawili wenye ndoo za maji walizitua kabisa ili wasikie vizuri. Kafedha alihisi uso ukimwaka moto. Miaka tisa katika kazi hiyo, hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Mzee Ghanim alimvuta kando.

"Mwanangu, wajua leo nilikuwa nikukabidhi funguo za gereji mpya ya Likoni."

"Najua, Mzee."

"Mimi nakuamini. Lakini siwezi kumweka mbele ya wateja mtu aliyeitwa mwizi na mtaa mzima ukasikia. Adhuhuri ikifika bila jawabu, funguo zitakwenda kwa Safwan."

Safwan, fundi mwenzake, alikuwa karibu akifuta mikono. "Jawabu si liko wazi, Mzee?" alisema. "Nani alilala hapa? Kioko peke yake."

Watu wakageuka wote kumtafuta Kioko, mlinzi wa usiku. Aliletwa kutoka chumba chake cha uani, macho yamevimba kwa usingizi, shati amelivaa ndani nje. Kafedha alijiweka mbele yake kabla mtu hajamshika.

"Kioko, uliondoka zamu saa ngapi?"

"Saa moja kamili, dada. Safwan alifika, nikampa funguo za lango, nikaenda kulala."

"Usiku uligusa gari la Bi Khairiya?"

"Mimi? Hata boneti sijui yafunguliwa wapi! Waulize wenzio, mwezi jana niliambiwa nifungue moja nikafungua buti."

Watu waliangua kicheko. Safwan hakucheka. "Ni kweli nilipokea funguo saa moja," alisema. "Kila kitu kilikuwa shwari. Basi aliyeiba ashaiba usiku na kufunika."

Kafedha aliitikia kwa kichwa, akamgeukia Ronny, muuza spea wa duka la jirani. Ronny ndiye aliyeliuza boksi zima, na tangu kelele zianze alikuwa akijipepea kwa kofia.

"Ronny, boksi kama lile mtaa huu liko kwako tu. Likirudi dukani, utaliuza mara ya pili."

"Wacha hizo, Kafedha! Nisachi hadi soksi!"

"Leo ulikuja hapa saa ngapi?"

"Saa mbili na robo, kuleta balbu. Nilikupata wewe na Mzee mkiwa mshafika."

"Na sisi tulifika pamoja saa mbili," Mzee Ghanim alithibitisha.

Kafedha alikitazama kiganja chake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu.

"Bi Khairiya, nakuomba usishuke. Saa ya gari sasa yasema nini?"

"Yasema 3:05. Porojo tupu!"

Kafedha alifungua boneti, akalegeza waya hasi wa betri, akautoa. Alihesabu hadi kumi, akaurudisha.

"Na sasa?"

"Sasa..." Bi Khairiya aliinama, akasogeza miwani. "Sasa yasema 1:00!"

"Saa ya gari hili ikikatiwa umeme husahau kila kitu, ukiurudisha huanza upya kwenye 1:00. Jana niliisahihisha. Leo, saa tatu kamili, ilisema 2:20. Nihesabie, bibi."

Bi Khairiya alivua glavu za sherehe na kuhesabu kwa vidole, midomo ikimcheza.

"Kutoka 1:00 hadi 2:20 ni saa moja na dakika ishirini. Ukiziondoa kwenye saa tatu..." Alinyanyua kichwa. "Saa moja na dakika arobaini! Asubuhi hii hii!"

"Betri ilirudishwa wakati huo. Kioko yuko kitandani. Mimi na Mzee hatujafika. Ronny hajafika. Lango lina mtu mmoja mwenye funguo."

Safwan aliacha kufuta mikono. "Labda mtu aliruka ukuta."

"Mwizi wa kuruka ukuta hung'oa akakimbia. Hana haja ya kufungua betri. Anayefungua waya hasi kabla ya kugusa boksi ni sisi wa gereji hii, kwa sababu Mzee hutufunza hivyo siku ya kwanza, na anayesahau hunyimwa chai. Ulikuja kuniharibia, Safwan, lakini mikono yako ikafanya kazi kifundi."

Safwan aliinamisha kichwa. Alikwenda kwenye sanduku lake la spana, akatoa boksi zima lililofungwa kwenye kitambaa, akaliweka mbele ya Mzee Ghanim.

"Siku tatu nilihangaika na gari lile nikisema ni nyaya," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye akaja akaliona tatizo kabla ya adhuhuri. Nikajua Likoni ni yake. Nilitaka lizime tu, isemwe kwamba amekosea. Wallahi sikudhani ataitwa mwizi."

"Na Kioko?" Kafedha aliuliza. "Ulimtaja kwa jina."

Safwan alimwendea Kioko, akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Kioko alisema amesamehe, ila leo alale bila kuamshwa. Mzee Ghanim alimwambia Safwan arudi Jumatatu waongee, na uso wake ulionyesha mazungumzo hayatakuwa mafupi.

Saa nne na nusu boksi zima lilikuwa limerudi mahali pake. Bi Khairiya alizungusha ufunguo, injini ikashika mara moja. Mzee Ghanim alimtia Kafedha funguo za Likoni mkononi bila hotuba.

Lakini Bi Khairiya hakuondoka. Alishuka, akainua buibui lake, akapanda juu ya tairi kuukuu lililolala langoni. Ronny alimshika kiwiko asianguke.

"Jamani!" alipaza sauti, akiwaelekea wanawake wa ndoo na barabara nzima. "Mimi Khairiya nimemwita huyu mwanamke mwizi. Nimemkosea! Ni fundi, na ni mwaminifu, na anayebisha aje kwangu! Kafedha, mwanangu, niwie radhi."

Kafedha alifungua mdomo kusema ameridhika. Hapo ndipo alipolia.