Siri Chini ya Sweta la Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Frida aliwasha jiko la mkaa na kubandika maji ya kumwogeshea mdogo wake, Ombeni, aliyekuwa na siku kumi na mbili tu. Bibi yao, Evarista, alikuwa amesafiri kutoka Mlandege, Iringa, hadi kwao Ilomba, Mbeya, kumhudumia mama yao aliyejifungua. Alilala chumba kimoja na Frida.

Alhamisi ile Bibi alimwita chumbani, akafunga mlango na kuvua sweta.

"Nipake mafuta hapa, mjukuu wangu. Panawaka moto."

Frida alishtuka. Malengelenge madogo yaliyojaa maji yalikuwa yamejipanga upande mmoja, kuanzia mgongoni hadi mbavuni.

"Bibi, huu si mkanda wa jeshi?"

"Shii! Mama yako asijue. Majirani watasema nina ukimwi, nami nitarudishwa Iringa."

Frida akampaka kwa vidole vitupu, wala hakumwambia Mama. Siku nzima darasani hakuambulia kitu.

Kesho yake aliporudi kutoka shuleni, alimkuta Bibi amekaa mkekani, amejifunga kitenge tu kwa sababu sweta lilimchoma. Kitenge kilikuwa kimelowa ubavuni. Lengelenge lilikuwa limepasuka. Mama alikuwa anainama kumkabidhi Ombeni.

"Mama, usimpe!"

Mama alimkumbatia mtoto. "Frida! Unamnyima bibi yako mtoto?"

"Bibi ana mkanda wa jeshi," Frida alisema. "Najua tangu jana. Nilimpaka mafuta."

Bibi aliinamisha uso. "Ni kweli," alisema.

Jioni hiyo hiyo walikwenda kituo cha afya. Daktari Crispin alimpima Bibi kwa upole.

"Mkanda wa jeshi unaweza kumpata mtu yeyote, hasa wazee," alisema. "Wewe hutamwambukiza mtu mkanda. Lakini maji ya malengelenge haya yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Kwa mtoto mchanga, hiyo ni hatari. Mama Frida, uliwahi kuugua tetekuwanga?"

Mama hakukumbuka.

"Aliugua," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Akiwa darasa la pili. Nilimuuguza mwenyewe."

Daktari alishusha pumzi. "Afadhali. Basi huenda mtoto amepata kinga kutoka kwa mama yake. Na Frida?"

"Huyu bado," Mama alijibu.

Bibi alipewa vidonge. Aliagizwa afunike malengelenge kwa kitambaa safi, anawe mikono mara kwa mara, taulo na shuka zake asichangie na mtu, wala asimshike mtoto mpaka yote yakauke na kufanya vigaga. Frida, kwa kuwa aliyagusa, asimsogelee Ombeni kwa siku ishirini na moja.

Frida alilia njia nzima. Alihamia kulala sebuleni, na kila asubuhi alijikagua mikono na tumbo. Siku ya kumi na nne aliona kipele shingoni, akakosa hata hamu ya kula. Kumbe aliumwa na mbu.

Siku ya ishirini na mbili, Frida akiwa hana upele wowote na vigaga vya Bibi vimeshabanduka, Mama alimpakatisha Ombeni. Mtoto alipiga chafya, akalala.

Bibi alikaa karibu nao. "Nilikuomba jambo baya, mjukuu wangu," alisema. "Mtu akikwambia ufiche ugonjwa, hata awe mkubwa kama mimi, usikubali. Ukisema mapema, mgonjwa atatibiwa, na wazima watajua namna ya kujikinga."