Maharage ya Jumatano

Hopeton Bryce alikataa chakula cha Verona Dacres mbele ya mkahawa uliojaa watu, akamwambia aonje yeye kwanza. Hakumpiga, hakumtukana, wala hakuwa na mwanamke mwingine. Alisema maneno matatu tu, "Onja wewe kwanza," lakini kwa mpishi wa Kingston, siku ya maharage, hakuna tusi linalozidi hilo.

Kila mtu pale anajua. Mwanamke akitaka kumfunga mwanamume asisogee tena, anamfunga kwa maharage mekundu, kwa sababu mchuzi wake ni mwekundu tayari na unaficha kilichotiwa. Kilichotiwa kinatoka mwilini mwa mwanamke mwenyewe; hakuna haja ya kukitaja. Ni limbwata. Wengine wanaamini, wengine wanacheka, na hao wanaocheka nao wanachungulia sahani.

Walikutana mwaka mmoja kabla ya hapo, Alhamisi ya mvua, saa saba mchana, kwenye mkahawa wa Verona pale Cross Roads. Foleni ilifika mlangoni. Hopeton alikuwa fundi wa viyoyozi, suruali ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi hata siku za kupanda ngazi, jina lake limeshonwa kifuani. Verona alisimama nyuma ya kaunta na gauni la njano, kitambaa cha kijani kichwani, bangili tatu zikigongana kila alipochota wali.

"Maharage na wali," Hopeton alisema alipofika mbele.

"Leo siku gani?" Verona hakuinua macho.

"Alhamisi."

"Na maharage ni siku gani?"

"Jumatano?"

"Ahaa, kumbe kusoma unajua, kibao hicho hapo. Leo kuna kuku na mkia wa ng'ombe. Sema upesi, baba, nyuma yako watu wana njaa."

"Nipe mkia. Jumatano nitarudi."

"Wote mnasema hivyo."

Alirudi. Akarudi na Jumatano nyingine, na nyingine, mpaka meza ya karibu na feni ikawa yake bila mtu kuambiwa. Ikafika wakati simu zikaanza.

"Umekula?" Verona aliuliza.

"Nimekula kwa mwanamke mmoja Cross Roads. Mkali huyo, we acha tu."

"Ana jina huyo mkali?"

"Analo. Ila silitaji ovyo, wataninyang'anya."

"Hopeton Bryce, kata simu ukafanye kazi."

"Kata wewe."

"Kata wewe, mpenzi, vitunguu vinaungua."

Hakuna aliyekata. Vitunguu viliungua.

Lakini Verona hakuwa msichana wa kuchezewa kwa simu. Alikuwa na miaka thelathini na saba na alitaka kuzaa. Dada yake aliyeko Toronto alishamtengenezea karatasi za kuhamia huko, zikabaki kusainiwa tu. Alimweleza Hopeton wazi: "Nikiwa na sababu ya kubaki, nabaki. Nisipokuwa nayo, naondoka. Sikutishii. Nakwambia."

"Pasaka nitakwenda Mandeville kwa mama yako," Hopeton alijibu. "Nitavaa suti. Nitapiga magoti akitaka."

"Mama hataki magoti. Anataka kujua kama una dini."

"Hilo sasa ni gumu."

Walicheka. Hopeton hakuendelea kueleza ni gumu kwa nini, na Verona hakumuuliza.

Jumatano moja ya Machi Hopeton alikuja na fundi mwenzake, Lascelles, mtu mwembamba asiyeweza kuona kitu akanyamaza. Waliketi. Sahani ya Lascelles ilitoka kwenye sufuria kubwa juu ya kaunta, kama za watu wote. Ya Hopeton aliileta Verona mwenyewe kutoka jikoni, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili, akarudi kwa wateja.

"Kaka," Lascelles alisema. "Yako imetoka wapi?"

"Jikoni."

"Naona. Sisi wote tumechotewa pale. Wewe una sufuria yako ndogo kule nyuma. Tangu lini?"

Hopeton alifikiri. Ilikuwa wiki ya tatu au ya nne.

"Na tangu lini umeanza habari za Mandeville na suti? Wewe, uliyeapa hutaoa mpaka meno yang'oke?"

"Lascelles, kula."

"Mimi nakula, bwana. Mimi changu nakijua kilikotoka."

Watu wa meza ya pili walisikia. Mmoja akapiga meza. "Amekwisha huyo! Keshafungwa kama mbuzi!" Kicheko kikapita mkahawani hadi kwenye foleni. Hopeton aliangalia sahani. Mchuzi mzito wa nazi, maharage mekundu yaliyopasuka, vipande vya unga vilivyosokotwa kwa viganja, harufu ya majani ya thaimu. Kilikuwa chakula alichokipenda kuliko vyote, na mkono wake haukunyanyua kijiko.

Verona akaja akijifuta mikono. "Mbona huli, mpenzi? Kinapoa."

Macho yote yalikuwa kwa Hopeton. Akatabasamu.

"Onja wewe kwanza."

Kicheko kilikatika.

"Rudia," Verona alisema.

"Ni utani, V."

"Kama ni utani, rudia tucheke wote."

Hakurudia. Verona aliichukua sahani, akaenda kwenye ndoo ya taka, akakwangua chakula chote taratibu mpaka sahani ikabaki nyeupe. Halafu akarudi kwenye kaunta na kuita kwa sauti ileile ya kila siku, "Nani anafuata?"

Hopeton alipiga simu kesho yake, na siku iliyofuata, na wiki nzima. Mara moja tu ndiyo Verona alipokea.

"Nina swali moja," alisema Verona. "Uliamini?"

Jibu lilikuwa la neno moja. Hopeton alilitafuta. Akakumbuka vile vicheko, akakumbuka hamu ya ghafla ya kuoa, na kwa kitambo kidogo hakujua mwenyewe aliamini nini. Kitambo hicho Verona alikisikia.

"Haya," alisema, akakata.

Mwezi wa Juni alisaini karatasi. Mkahawa akamwachia Gwen, mama wa makamo aliyekuwa akipika naye, na yeye akaenda Toronto kufanya kazi kwenye jiko la hospitali.

Hopeton hakukanyaga tena Cross Roads kwa kula. Alipita upande wa pili wa barabara kwa miaka mingi. Aliingia tena kwa sababu ya kazi: kiyoyozi kipya cha Gwen kilikuwa kinavuja, na kampuni ilimtuma yeye.

Gwen alimtazama akiwa juu ya ngazi. "Wewe si yule wa mkia wa nguruwe?"

"Mkia gani, Bi Gwen?"

"Ule tunaoutia kwenye maharage. Ulikuwa unausukuma pembeni ya sahani. Kila Jumatano vipande vinne, vitano. Unaufunika na wali, unadhani hatuoni. Verona akaniuliza, huyu ana nini? Nikamwambia huyo si mtoto wa Dada Bryce? Amelelewa Msabato, nguruwe haimpiti kooni."

Hopeton aliacha bisibisi. Ilikuwa kweli. Kanisa alishaliacha tangu ana miaka ishirini, lakini koo lake lilikataa kuliacha, na aliona aibu mtu mzima kusema hivyo.

"Basi akawa anaamka saa kumi alfajiri kukupikia yako peke yake, nyama ya ng'ombe tupu. Nikamwambia, mwambie basi. Akasema hapana, akitaka kuficha, mwache afiche, mimi nitampikia."

"Mbona hakuniambia siku ile?"

"Na wewe mbona hukumwambia huli nguruwe?" Gwen alipangusa kaunta. "Mwanamke akuambie nini, wakati umeshamwita mchawi?"

Hopeton alishuka ngazi akaomba namba ya simu ya Verona. Gwen alimpa, lakini alimfanya asubiri hadi sahani zote zioshwe.

"Verona, ni mimi."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimeambiwa habari ya ile sufuria."

"Umeambiwa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hata sasa hukuuliza. Umeambiwa."

"Sikuuliza," Hopeton alisema. "Nilitakiwa nile. Bila kuuliza, bila kuambiwa. Nilitakiwa nile tu."

"Mwezi wa nane nakuja kumuuguza mama," alisema Verona. "Ukitaka kusema kitu, njoo Mandeville, ukiseme ukiwa umesimama mbele yangu."

Alikwenda. Walikula kwenye mkahawa wa watu wengine karibu na soko, samaki wa kukaanga na shelisheli la kuchoma. Verona alikuwa na miwani sasa, nywele fupi zenye mvi, blauzi ya bluu iliyofungwa hadi shingoni. Hopeton alimwomba msamaha kwa sauti ambayo meza za jirani ziliisikia, kwa sababu na tusi alilisema hivyo. Halafu akamwomba waoane.

"Umechelewa," Verona alisema.

"Najua."

"Hujui. Utajua." Aliangalia watu wa sokoni, halafu akamgeukia. "Nitakubali. Lakini usije ukaniambia hata siku moja kwamba hakikuharibika kitu."

Walioana Desemba. Hopeton hajasema hivyo hata siku moja. Kilichoharibika kinahesabika. Miaka tisa na miezi tisa. Mama yake Hopeton, aliyezikwa mwaka wa nne bila kumjua mkwe wake. Mwanamke wa Portmore aliyeishi na Hopeton miezi kumi na minne akiulizwa kila mara ametia nini kwenye chakula, mpaka akafungasha nguo zake akaondoka, naye hakuwa na kosa. Na watoto. Daktari wa Toronto alishamwambia Verona alipofika miaka arobaini na minne kwamba hatazaa. Walikuwa wamepanga wawili.