Kihesabu Ni Sumu

Zdravka alifanya kazi katika maabara mjini Plovdiv. Walitengeneza kemikali mpya, ambazo siku moja huenda zikawa dawa. Kila Ijumaa alirudi nyumbani na koti lake jeupe la kazi. Mama mkwe wake, Stoyanka, alilifua kwa mikono, kisha akalianika upande wa barabarani makusudi, majirani walione.

Jumamosi moja Zdravka alikuwa akichoma pilipili hoho. Stoyanka akaingia jikoni na kuinua mikono. Ilikuwa myekundu, imevimba hadi viwiko.

"Inawaka moto," alisema. "Sabuni za siku hizi ni balaa tupu."

Zdravka akatazama beseni. Koti lilikuwa ndani. Jana yake lilikuwa limemwagikiwa kemikali kazini.

Alimfungulia bomba, akamsuuza kwa maji mengi, muda mrefu. Kisha akamwita Radoslava, jirani wa ghorofa ya juu, aliyefundisha kemia chuoni. Alishuka na ndara miguuni.

"Mpeleke hospitali sasa hivi, na useme ni kemikali," alisema Radoslava. "Koti lilimwagikiwa na nini?"

"Ile kemikali yetu mpya. Lakini hakuna aliyesema ni sumu."

"Nani ameipima?"

"Bado haijapimwa."

"Basi hujui. Na usichokijua, kihesabu ni sumu kali mpaka kipimwe."

Daktari alimtibu Stoyanka, na mikono ikapona. Lakini Zdravka hakutulia. Alipanda kwa Radoslava kuuliza afanyeje kazini.

"Tumia kemikali kidogo kabisa," Radoslava alimwambia. "Fungua chupa ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu tu, kioo chake cha mbele kikiwa kimeshushwa. Vaa miwani na glavu. Glavu ikichafuka, ibadilishe. Kila chupa iwe na lebo: jina, tarehe, na maneno 'sumu yake haijulikani'. Usile ndani ya maabara. Nawa kabla ya kutoka. Na koti lifuliwe huko huko."

Stoyanka aliposikia, alinuna. "Sasa mimi nitaanika nini?"

"Mashuka, mama."

Kazini, mwenzake Boyan alimcheka. "Umevaa kama mpiga mbizi. Unaogopa matone mawili?"

"Ndiyo, naogopa," alijibu Zdravka, akashusha kioo cha kabati.

Siku moja chupa aliyokuwa akipasha moto ilipasuka. Vipande viligonga kioo. Moshi wa manjano ukavutwa juu, ukatoka nje. Hakuna aliyeumia. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba kemikali ile huharibu mapafu. Boyan alisoma majibu, akaenda kutafuta miwani yake.

Mkuu wa maabara alimpa Zdravka kazi ya kuwafundisha wafanyakazi wapya. Siku ya familia kutembelea maabara, Stoyanka alisimama nyuma kabisa, amejifunga kitambaa chake kizuri kichwani. Zdravka aliinua chupa yenye kitu kisicho na rangi, kama maji.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Maji," kijana mmoja alijibu.

"Umejuaje?"

Kijana akaitazama tena ile chupa. Stoyanka akamwinamia mama aliyekuwa kando yake, mtu asiyemjua kabisa.

"Yule," alimnong'oneza, "ni mkwe wangu."